Kumbukumbu ya mradi: kituo cha kusinyaza sili za shingo ya chupa

Julai

Shemeji yangu analima zabibu nyekundu za Makutupora huko Hombolo, nje kidogo ya mji wa Dodoma, na sehemu ya mavuno yake huigeuza kuwa mvinyo katika banda lililo nyuma ya nyumba yake. Kazi ya kujaza chupa hufanywa juu ya meza moja ndefu: mmoja anajaza, mwingine anashindilia vizibo, wa tatu anafuta chupa na kubandika lebo. Sili ya plastiki, ile kofia inayobana mdomo na shingo ya chupa, ilikuwa ikivalishwa mwishoni na kushikiliwa juu ya mvuke wa birika mpaka isinyae. Njia hiyo inatosha kwa katoni mbili au tatu, lakini inamchosha mtu, inalowesha shingo, na hakuna chupa mbili zinazotoka zikiwa na sura moja. Nimejitwisha kazi ya kujenga kituo kidogo cha hewa ya moto kitakachokaa mwishoni mwa meza hiyo, na humu nitaandika maendeleo yake.

Sili haizuii mvinyo kumwagika, kwa kuwa hiyo ni kazi ya kizibo. Sili inamhakikishia mnunuzi kwamba chupa haijaguswa tangu ilipotoka kwa mzalishaji, inazuia vumbi na wadudu wasifike kwenye kizibo, na, tuseme ukweli, inaipa chupa sura ya kuuzika. Huko Ulaya shingo zilifunikwa kwa muda mrefu kwa karatasi ya risasi, ambayo iliwazuia panya na wadudu wasitafune vizibo katika maghala ya chini ya ardhi. Sumu ya risasi ndiyo iliyoiondoa sokoni, na Marekani iliipiga marufuku mwaka 1996. Wazalishaji wakubwa sasa hutumia metali laini, au aluminiamu iliyobandikwa pamoja na plastiki, ambazo hubanwa kwa magurudumu madogo yanayoizunguka shingo. Mzalishaji mdogo hana mashine hiyo, na ndiyo sababu sili za PVC, aina ya plastiki yenye klorini, zimemfaa: zinahitaji joto tu.

Siri ya kusinyaa kwake iko katika namna zinavyotengenezwa. Plastiki huvutwa ikiwa na joto ili itanuke, kisha hupozwa ikiwa bado imevutwa, na minyororo ya molekuli zake hukaa hivyo hivyo katika hali ya kunyooshwa. Ikipashwa tena joto mpaka karibu nyuzi 80 za Selsiasi, minyororo hulegea na kujirudi, na sili hujibana juu ya chochote kilicho ndani yake. Jambo hili hutokea mara moja tu. Sili iliyosinyaa upande mmoja kabla ya mwingine haina marekebisho. Hukatwa kwa kisu na nyingine kuvalishwa mahali pake.

Agosti

Nimeanza na vipimo, maana nusu ya chupa za shemeji ni mpya na nusu ni zilizokusanywa, zikaoshwa na kuchemshwa. Mdomo wa chupa mpya, ukipimwa kwa kalipa juu ya pete yake, ni milimita 29 na nusu, na sili aliyokuwa nayo ina kipenyo cha milimita 31 na urefu wa milimita 55. Sili huvaa bila kulazimishwa, na ina milimita moja na nusu tu ya kujibana kwenye pete kabla ya kushika. Baadhi ya chupa zilizokusanywa zina pete nene zaidi, na sili hukwama juu yake ikiwa imekaa upande. Ukiipasha joto katika hali hiyo, mkunjo unaojitokeza hauondoki. Tumekubaliana kwamba chupa za namna hiyo zitengwe kabla ya kujazwa, na ameagiza fungu dogo la sili pana kidogo kwa ajili yake.

Kwa upande wa joto, nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuizungushia shingo pete ya bomba lenye matundu ili hewa ya moto itoke pande zote kwa pamoja. Ya pili ni kuacha hewa itoke upande mmoja na kuizungusha chupa yenyewe. Nimechagua ya pili bila kusita sana. Katika pete, tundu lililo karibu na mpulizo hupata hewa ya moto zaidi kuliko lililo mbali, na kusawazisha matundu hayo katika karakana isiyo na vipimo vya mtiririko wa hewa ni kazi isiyokwisha. Chupa inayozunguka husawazisha joto yenyewe.

Kisahani cha kuzungushia kinaendeshwa na mota ya waipa ya gari niliyoipata kwa wauza vipuri vilivyotumika. Ni ya volti 12, ina gia yake ndani, na katika kasi ndogo inazunguka takriban mara 45 kwa dakika, hivyo chupa inayokaa mbele ya hewa kwa sekunde nne huwa imepitisha kila upande mara tatu. Juu ya kisahani nimebandika kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli ili chupa isiteleze.

Kipulizo cha hewa ya moto ni cha wati 2000, kile cha mkono ambacho mafundi rangi hutumia kubandulia rangi ya zamani, nacho nimekifunga kwenye mhimili unaopanda na kushuka. Niliwahi kufikiria kutumia viwili vinavyotazamana, lakini kimoja peke yake kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9, na viwili kwa pamoja vingeielemea soketi ya ampea 13.

Septemba

Umeme ndio ulionipa kazi kubwa mwezi huu. Jioni, majirani wanapowasha pasi na majiko, volti bandani hushuka hadi 200 au chini ya hapo. Wengi hudhani kwamba upungufu huo ni mdogo, lakini nguvu ya waya wa joto hufuata mraba wa volti: kwa volti 200, kipulizo cha wati 2000 hubakiwa na takriban wati 1500, yaani robo nzima ya joto imepotea, ingawa feni yake bado inavuma kana kwamba hakuna kilichobadilika. Sekunde nne zilizotosha asubuhi zinaiacha sili ya jioni ikiwa imelegea sehemu ya chini. Nimeweka kipima volti ukutani na kibao kidogo cha muda kando yake: 230, sekunde nne, 215, sekunde tano, 200, sekunde sita. Kuongeza muda ni salama kuliko kusogeza kipulizo karibu, kwa sababu PVC iliyoguswa na hewa kali mno huwa nyeupe kama maziwa, huchanika kwenye mstari wa kufungulia, na ikizidi huanza kuoza kwa joto na kutoa mvuke wa asidi ya hidrokloriki, ambao mtu huusikia kooni kabla ya kuuona.

Mwelekeo wa joto nao una maana. Ukianzia chini, sili hubana shingo kwanza na hewa iliyo ndani hubaki imefungiwa, ikitegemea vitundu vichache vya juu ambavyo havitoshi kuitoa kwa haraka. Ukianzia chini kidogo ya pete ya mdomo na kushuka, sili hushika mahali kipenyo kinapobadilika, kisha hewa husukumwa itokee upindoni.

Hata hivyo zilikuwepo sili zilizovimba vipele vidogo, volti zikiwa sawa na mkono ukiwa sawa. Dada anayefuta chupa ndiye aliyegundua kwamba vipele vyote vilikuwa kwenye chupa za kreti la mwisho, zile zilizosuuzwa muda mfupi kabla ya kuvalishwa. Tone la maji lililojificha chini ya pete hugeuka mvuke na kuiinua plastiki kabla haijashika. Tangu hapo shingo hufutwa kwa kitambaa kikavu, kisha hupulizwa kwa hewa ya kawaida kutoka kwenye pampu.

Nimeanza kuamini kwamba sehemu kubwa ya uharibifu wa sili hutokea kabla joto halijawashwa. Asubuhi ya baridi kioo chenyewe hunyonya joto na sili husinyaa kwa mabaka, kwa hiyo chupa huletwa karibu na meza mapema. Chupa iliyoshindiliwa kizibo sasa hivi ina hewa iliyobanwa chini ya kizibo hicho, na ukiipasha moto shingo yake papo hapo, kizibo huweza kupanda na kuinua kofia; huachwa zisimame hadi siku inayofuata. Nazo sili zenyewe zilikuwa zikihifadhiwa kwenye boksi chini ya paa la bati, ambako joto la mchana lilitosha kuzifanya zipoteze umbo la duara na kung'ang'aniana zikiwa bado kwenye mafungu yake. Sasa ziko katika chumba cha tofali mbichi, kwenye rafu ya chini.

Oktoba

Kituo kinafanya kazi, na mtu mmoja anakimudu bila msaidizi. Kilichobaki ni mfuniko wa bati wenye bomba la kutolea hewa chafu nje ya ukuta, ambao sitaki shemeji aanze fungu kubwa bila huo, na jibu kuhusu mabaki. Sili zilizokatwa hazifai kuchomwa pamoja na takataka za shamba kwa sababu ya asidi ile ile, na wakusanya chupa za plastiki hawazitaki, kwa kuwa PVC ikichanganyika na PET, plastiki ya chupa hizo, huharibu plastiki yote inayoyeyushwa, nazo zina uzito unaokaribiana kiasi kwamba hazitenganishwi kwa kuzielesha majini. Kwa sasa zinajazwa kwenye gunia. Nimemwomba muuzaji wetu sampuli za sili za PETG, plastiki ya jamii ya PET, zenye kipenyo kile kile, ambazo hazina klorini, na zikifika nitapima upya muda wa joto kwa kila kiwango cha volti, kisha nibadilishe kibao kilicho ukutani.