Siku Moja na Fisi wa Ngorongoro

Dereva aliponiuliza usiku ule pale Karatu ningependa kuona nini ndani ya kreta, nilimjibu, "Fisi." Akadhani hakunisikia vizuri. "Mwalimu, wageni wangu wote hunitajia faru." Nikamwambia faru tukimkuta itakuwa bahati yetu, lakini mimi nimekaa siku nzima ndani ya basi kutoka Dodoma kwa ajili ya fisi.

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita. Kila mwaka tukifika kwenye mageuzi ya viumbe, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: eti kweli fisi ni huntha, leo dume, kesho jike? Swali hilo nimelisikia tangu utotoni, pamoja na habari za wachawi wanaopanda fisi usiku. Jibu lake nililijua kwa kusoma tu. Nilitaka kuliona.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa langoni Loduare. Ukingo wa kreta uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukungu ulikuwa mzito hata gari la mbele yetu lilijulikana kwa muungurumo tu. Tukateremka kwa njia ya Seneto. Mita 600 chini, ukungu ukabaki juu yetu, na bonde lote likawa wazi: kilomita za mraba 260 hivi za nyasi, nyumbu na pundamilia wametapakaa hadi kando ya Ziwa Magadi. Uzuri huo wameusimulia wengi. Mimi nilikuwa natafuta kichuguu chenye matundu.

Tulikipata kabla ya saa mbili, karibu na barabara. Jike mmoja alikuwa amejilaza ubavu mdomoni mwa tundu, watoto wawili wakimnyonya. Watoto wa fisi madoa huzaliwa weusi, bila doa hata moja, macho wazi na meno tayari. Maziwa ya mama yao ni mazito kwa mafuta na protini, nao huyanyonya mwaka mzima na zaidi. Watoto wa ukoo mzima hukaa tundu moja, ila kila mama hunyonyesha wake tu.

Wakaja fisi wengine wawili kutoka upande wa ziwa. Walipokutana, kila mmoja aliinua mguu wa nyuma, wakanusana, na viungo vyao vikasimama. Mtu yeyote angeapa ni madume. Dereva akanipa darubini. "Angalia chuchu, mwalimu. Ukitazama kule kwingine utadanganyika." Nikaangalia. Wote wawili walikuwa na chuchu zilizovutika, za mama anayenyonyesha.

Hapo ndipo ulipoanzia uvumi wa huntha. Jike ana kinembe kilichorefuka hata kufanana na uume, na midomo ya uke imeshikamana ikawa mfano wa korodani. Kwa kiungo hichohicho anakojoa, anapandwa na anazaa. Anayezaa mara ya kwanza hulazimika kukipasua ili mtoto apite, na njia yenyewe ni ndefu yenye kona, huku kitovu kikiwa kifupi. Kwa fisi waliofugwa kwa ajili ya utafiti, watoto wengi wa uzazi wa kwanza walikufa kabla ya kuvuta pumzi. Nimezaa mara mbili. Nilimtazama yule mama pale tunduni kwa muda mrefu, nikashindwa kuendelea kuandika kwenye daftari.

Lakini kiungo hicho kinampa jambo moja kubwa. Dume hawezi kumlazimisha. Jike asipokubali mwenyewe, hakuna kupandana, na hilo limeupanga ukoo mzima.

Watafiti wa taasisi ya Leibniz ya utafiti wa wanyamapori, Berlin, akiwemo Oliver Höner, wamekuwa wakifuatilia koo nane za fisi humu kretani tangu 1996, wakimtambua kila mmoja kwa madoa yake. Mwaka 2007 walitangaza jambo ambalo hunisisimua kila ninapolifundisha. Zamani ilidhaniwa madume huhama makwao kwa kupigwa na wenye nguvu zaidi. Hapa walikuta jike kijana huwakwepa madume waliokuwamo ukooni tangu kabla hajazaliwa, na kuwapendelea waliozaliwa au kuhamia baada yake. Hamjui baba yake, maana fisi dume halei mtoto. Kwa kanuni hiyo moja tu baba na kaka wakubwa wanawekwa kando. Nao madume vijana huenda kwenye ukoo wenye majike vijana wengi. Ikiwa ukoo huo ni wa nyumbani, hubaki. Dume hafukuzwi kwao. Anafuata mahali atakapokubaliwa.

Akifika ugenini hupanga foleni. Anaanza chini kabisa, na hupanda kadiri waliomtangulia wanavyokufa au kuondoka. Mtoto wa jike mwenye cheo cha juu yeye huirithi nafasi ya mama yake. Tulimwona mmoja, mdogo kuliko mbwa wa nyumbani, akimsogelea fisi mzima aliyekaa juu ya mfupa. Yule mzima akainuka akaondoka. Mama wa mtoto alikuwa hatua chache nyuma. Watafiti haohao wameonyesha kwamba anayeshinda ni yule mwenye jamaa wengi wa kumtetea, na mhamiaji kwa kawaida hana jamaa wengi.

Mchana tulikuta simba wakilalia mzoga wa nyumbu, fisi wamewazunguka. Magari saba yalisimama, na nikasikia mtu akisema fisi wamekuja kuiba. Mtafiti Hans Kruuk, aliyewafuata fisi wa humu usiku miaka ya 1960, aligundua kwamba humu kretani mara nyingi wawindaji ni fisi, na simba ndio huja kunyang'anya. Hao simba nao niliwahurumia. Mwaka 1962 nzi wanaouma waliwaangamiza, wakabaki kumi hivi, na wa leo wametokana na hao pamoja na madume wachache walioingia kutoka nje. Ndugu wakazaana na ndugu, hata madume wakakutwa na mbegu zenye kasoro nyingi.

Ilibidi tuwe juu kabla ya saa kumi na mbili jioni. Nilimwomba dereva turudi kwanza pale kichuguuni. Asubuhi palikuwa na dume mmoja mbali kidogo, kichwa chini, masikio nyuma, mkia katikati ya miguu. Alikuwa akimsogelea jike mmoja kijana hatua tatu, anarudi mbili. Jike alipoinua kichwa tu, alikimbia.

Tulimkuta bado yupo. Alikuwa amejilaza nyasini, karibu zaidi na tundu kuliko asubuhi, na yule jike alikuwa amelala pia, amempa mgongo. Dereva alizima gari kabla sijamwomba. Tukakaa hadi jike alipojinyoosha, akaanza kutembea kuelekea ziwani. Dume alisubiri kidogo, kisha akainuka akamfuata kwa mbali.