Dang'a kwenye Kitambaa

Mtoto alizaliwa njiti Mei 2017, hapa Kigoma, wiki ya 31 ya mimba, akiwa na gramu 1,350. Mama yake, binti wa miaka 19, alikuwa ameletwa kwa boti kutoka kijiji cha mwambao, akisindikizwa na bibi yake. Chupa ilikuwa imepasuka siku mbili kabla, kwa hiyo njiti huyo alianzishiwa dawa za kuua bakteria, ampisilini na jentamaisini, saa ileile.

Tulimwekea mpira wa pua namba 6, wa kupitishia maziwa hadi tumboni. Hupimwa kutoka puani hadi ndewe ya sikio, kisha hadi katikati ya chembe cha moyo na kitovu, halafu unatiwa alama ya plasta ili ukisogea uonekane. Mama alielekezwa akamue kila baada ya saa tatu. Tulitaka 2 ml tu, lakini kila mara kikombe kilirudi kikavu. "Hayajashuka," bibi alisema, nasi tukaandika hivyo kwenye faili. Hakuna aliyeangalia titi. Siku ya tatu tukaanza maziwa ya kopo.

Alfajiri ya siku ya tisa nilivuta mabaki ya tumboni kabla ya mlo. Kwa kawaida huwa maziwa meupe, yameganda kidogo. Safari hii zilikuja 4 ml za kijani kibichi. Utepe niliouzungusha juu ya kitovu ulisoma sentimita 24 na nusu. Jana yake ulikuwa 22. Ngozi ya tumbo ilikuwa imevutika na kung'aa, mishipa imechoreka kama mizizi, na kwenye nepi kulikuwa na uzi wa damu. Utumbo ulikuwa umeanza kuoza.

Ukuta wa utumbo wa njiti ni mwembamba na ute wake ni haba. Maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Ni chakula cha bifidobakteria, bakteria wema wa utumbo, nao hutoa asidi inayowabana bakteria wakorofi. Mtoto huyu alikuwa amepewa dawa kwa siku saba, zikaua bakteria wema na wabaya, kisha maziwa ya kopo yasiyo na kingamwili za mama. Utumbo ukiachwa hivyo, bakteria wakorofi wa wodini, akina klebsiela, huhamia. Huchachua maziwa yasiyosagika, gesi hujaa, ukuta huvimba, na bakteria hao hupenya. Dawa za mwanzo zilikuwa halali. Kuziendeleza siku saba, mtoto akiwa hana dalili yoyote ya maambukizi, sikukubali wakati ule na sikubali leo.

Tulisimamisha mlo, mpira tukauacha wazi utoe hewa, tukaweka dripu ya sukari, dekstrosi 10%, dawa zikarudi pamoja na metronidazo.

Mchana, nikibadilisha shuka la mama, kikaanguka kipande cha kanga kilichokauka kikawa kigumu, kina madoa ya rangi ya kiini cha yai.

"Hayo ni machafu, mwanangu," bibi akasema. "Kwetu tunayamwaga."

"Bibi, hiyo ni dang'a, maziwa ya kwanza ya mzazi. Ndiyo ingekuwa chanjo yake ya kwanza."

Hakubisha. Aliuliza kama tumeshachelewa.

Binti akaanza kukamua mara nane kwa siku, usiku ukiwemo. Mikono kwa sabuni kwanza. Kidole gumba juu na cha shahada chini, pembeni mwa weusi wa titi. Sukuma kuelekea kifuani, ndipo ubane. Kuteleza juu ya ngozi huumiza na hakutoi kitu. Mtoto hakuwa akila, lakini tulimpaka tone moja ndani ya kila shavu. Siku hizi kuna matone yenye bakteria hai, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema yanaweza kufikiriwa kwa njiti wa chini ya wiki 32 wanaolishwa maziwa ya binadamu. Sisi hatukuwa nayo.

Baada ya siku saba tumbo lilikuwa limelainika, na utepe umerudi 22. Tukaanza upya na 2 ml. Bomba la sindano hutolewa kisukumio, likashikwa juu kidogo ya mtoto, maziwa yashuke kwa uzito wake kwa dakika 10 hivi; ukisukuma, tumbo hujaa ghafla. Bibi aliomba kulishika yeye. Siku choo kilipotoka cha manjano, chenye harufu ya uchachu, alinikunjulia nepi nione, kisha akarudi kushika bomba.