Shamba la chumvi la mjomba

Mara ya kwanza tulipanda mikoko 8,000 kwenye shamba la chumvi aliloliacha mjomba wangu, na msimamizi nilikuwa mimi. Nalisema mapema nisije nikaonekana nasimulia makosa ya wenzangu. Kulikuwa na mradi uliokuja na fulana, posho na lengo la idadi ya miche; sisi tukatoa watu. Kwa siku mbili za maji kupwa, shamba zima likajaa vijiti vya kijani vimesimama kwa mistari. Picha zilipendeza sana. Miezi saba baadaye nilirudi peke yangu kuhesabu. Ilikuwa imebaki 31.

Hiyo 31 yote ilikuwa sehemu moja, pembeni ya tundu lililobomoka lenyewe kwenye tuta linalozunguka shamba. Nililiona tundu, nikaiona miche, nikaenda nyumbani. Ilinichukua karibu mwaka kuelewa nilichokuwa nimekiona.

Kijiji chetu kipo Wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga, upande wa mpaka wa Kenya. Eneo ninalolisema ni ekari kama nne hivi. Kabla sijazaliwa lilikuwa msitu. Mjomba wangu akaufyeka: boriti na fito akaziuza kwa wajenzi, matawi yakaishia kwenye matanuri ya chokaa. Akazungushia tuta la udongo na mawe, akagawa majaruba ndani, akawa anavuna chumvi ya jua. Chumvi ile ilisomesha watoto wake, na mimi ilininunulia viatu vya shule, kwa hiyo sitamsema vibaya. Wanunuzi walipoanza kudai chumvi iliyotiwa madini joto, na bei ya ile ya kawaida ikawa haitoshi hata kuwalipa wapakiaji, aliacha. Shamba likabaki jeupe, limepasuka kama kisigino cha mtu aliyetembea peku maisha yake yote.

Mtu wa bara akisema mikoko huwa anafikiria mti mmoja. Sisi tuna mlilana unaotangulia mbele kabisa kwenye mawimbi, mkoko wenyewe wenye mizizi ya kuchanua kandokando ya hori (mkondo ambao maji ya bahari huingilia na kutokea), msindi na mkandaa nyuma yake, halafu mchu, ambao utaukuta mbele na utaukuta tena huko nyuma panapokaribia nchi kavu. Kila mmoja una kimo chake cha maji. Haya hata mtoto wa kijijini anayajua. Pamoja na kuyajua, tulipanda mkoko peke yake, shamba zima, kwa sababu mbegu yake ni ndefu kama mshumaa: unachomeka, unapiga hatua, unachomeka. Mbegu ya mchu ni kama harage bapa, haichomeki, na haihesabiki vizuri kwenye ripoti.

Kilichonifumbua macho ni msiba. Nilikwenda kuzika Vanga, ng'ambo ya mpaka, na baada ya matanga nikasogea hadi Gazi, hukohuko Kenya, kuona msitu wa Mikoko Pamoja, ule wa hekta 117 ambao wanakijiji wanauza hewa ukaa yake, yaani wanalipwa kwa kuutunza msitu unaoinyonya, tangu miaka ya 2010. Nilitaka kujua habari za pesa, sina haja ya kuficha. Mwenyeji wangu alinisikiliza nikilalamika kuhusu miche yangu, akauliza: "Hapo kwenu, mliwahi kujiuliza kwa nini haioti yenyewe?"

Sikuwa na jibu. Msitu ulio hai uko mita 50 kutoka shamba la mjomba, unamwaga mbegu kila masika, mbegu zinaelea kila mahali. Kwa nini haziingii? Baadaye kijana mmoja mtafiti aliniambia kwamba huko Florida, Marekani, mtaalamu aliyeitwa Robin Lewis alilikazania swali hilohilo kwa miaka mingi: rekebisha kwanza njia ya maji, kupanda kuje baadaye, tena kama bado kunahitajika.

Basi tukapima. Fundi ujenzi wa kijijini alikuja na mpira wake wa levo, ule mwembamba unaopitisha mwanga, unaojazwa maji ili kulinganisha kimo cha sehemu mbili. Maji matupu hayaonekani juani, tukatia chai ya rangi. Mmoja alishika ncha moja ya mpira kwenye shina la mchu uliostawi nje ya tuta, mwingine akatembea na ncha ya pili ndani ya shamba, hatua kumi kumi, mimi naandika kwenye daftari. Kufika adhuhuri tulikuwa na ramani mbaya lakini ya kweli. Theluthi mbili za shamba zilikuwa kimo kilekile cha mchu wa nje. Theluthi iliyobaki, ya upande wa nchi kavu, ilikuwa juu kwa sentimita 40 na zaidi. Maana yake tulikuwa tumeuchomeka mkoko, mti wa kandokando ya hori, mahali pa mchu, tena nyuma ya ukuta usiopitisha maji. Ingeshangaza kama ingebaki zaidi ya 31.

Ruhusa sitaisimulia kwa urefu. Mikoko yote huku Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi, huwezi kushika chepe tu. Kuna serikali ya kijiji, kuna afisa misitu wa wilaya, kuna Wakala wa Huduma za Misitu. Ilichukua miezi minne na nauli nyingi.

Ruhusa iliyonitia hofu ilikuwa ya mjomba. Nilimkuta barazani akisuka kamba. Nikamweleza habari za kupima, za hori, za kulivunja tuta. Alikaa kimya hadi nikadhani hajasikia.

"Mjomba," akasema (sisi tunaitana hivyo pande zote mbili), "tuta hilo nimelijenga na marehemu mama yako. Yeye ndiye aliyekuwa akiniletea maji ya kunywa."

"Najua, mjomba."

"Sasa utalivunjia wapi?"

Nikamwonyesha picha ya setilaiti kwenye simu. Ndani ya weupe wa shamba kulikuwa na mstari mweusi umejipinda kama mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, unatokea baharini, unakatwa na tuta, unaendelea ndani. Akaisogeza simu mbali na macho, akacheka kidogo. Lile lilikuwa hori. Alikuwa akipita hapo na mtumbwi kabla hajaliziba, na alikumbuka hata matumbawe aliyoyajaza yalitoka mwamba gani.

Laiti ningemsikiliza sawasawa. Pale alipoonyesha palikuwa na mawe matupu, na wachimbaji tulikuwa 11 tu, kwa sababu safari hii hapakuwa na posho, palikuwa na mihogo na samaki. Tukaona tukate karibu na barabara, kwenye udongo laini. Tulichimba wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, ili isitukute kazini, tukamaliza kwa siku moja, tukajipongeza. Lilipokuja bamvua, siku za bahari kujaa sana, maji yaliingia vizuri sana. Kutoka hayakutoka. Yalituama wiki mbili, yakapata moto, yakanuka, na yakaua 14 kati ya ile miche 31 iliyokuwa imebaki. Mke wangu aliniuliza kama nina ugomvi na mikoko.

Tukarudi kwenye hori la mjomba. Siku tatu za sururu na karai, mawe tukiyatoa mkono kwa mkono. Tulikata mita mbili upana, na kina tukashuka hadi kikalingana na hori la nje, hapo ndipo penyewe. Asubuhi ya bamvua lililofuata nilikaa juu ya tuta. Maji yalikuja ya kahawia, na povu na majani makavu, yakaufuata ule mkunga mweusi kama yanaukumbuka, yakaenea. Nilibaki hadi mchana kuona kama yatatoka. Yalitoka, yakaacha tope linalong'aa na nyayo za ndege.

Hatukupanda hata mche mmoja. Masika ilipofika nilisimika fito kutengeneza viboksi vya mita tano kwa tano ili nipate kuhesabu. Mwezi wa kwanza vilikuwa vitupu. Mwezi wa pili niliona majani mawili mawili yametoka kwenye maharage bapa, manne katika kiboksi kimoja. Mwaka uliofuata niliacha kuhesabu kimoja kimoja. Kaa walitangulia, na nadhani walisaidia, matundu yao yanapitisha maji. Siku hizi kwenye hori kuna mkizi wadogo, na akina mama wanapita na tandio kuvua kamba.

Adui aliyebaki akawa mbuzi. Majani ya mchu wanayapenda kuliko nyasi. Kulikuwa na mazungumzo ya faini, lakini mwenye mbuzi ni shangazi yangu, na faini kwa shangazi ni vita vya ukoo. Tulichogundua ni kwamba mbuzi hawashuki kukiwa na maji. Sasa wajukuu wake wanawafunga kamba saa za kupwa tu, na ratiba ya maji wanaijua kuliko mimi.

Ile theluthi ya juu bado ni nyeupe. Maji huifikia kwa bamvua kubwa peke yake, na jua la kiangazi humaliza kazi. Wenzangu wanataka tuichimbe ishuke. Mimi sina hakika kama mikono yetu inaiweza.

Mwezi uliopita mjomba alinifuata huko huko, fimbo mkononi, akatazama chini muda mrefu. Kisha akauliza madini joto yanauzwa wapi siku hizi, na kama eneo lile dogo, ambalo mchu umelikataa, mtu anaweza kulirudishia majaruba mawili matatu. Nikamwambia nitamuuliza afisa misitu. Nauli ninayo, ila bado sijaenda.