Mwanaanga Aliyevua Kofia

Mwaka 2013 nilikuwa East Lansing, Michigan, nikifundisha Kiswahili asubuhi na kusoma shahada ya uzamili mchana. Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan tunakijua kwa masomo ya Afrika, lakini maktaba yake ina hazina nyingine: moja ya makusanyo makubwa kabisa ya vitabu vya katuni duniani. Aliyeyaanzisha ni Profesa Russel Nye, mshindi wa Tuzo ya Pulitzer ya mwaka 1945. Msomi wa hadhi hiyo aliona kwamba hata hadithi za senti kumi zinastahili kuhifadhiwa na kuchunguzwa, enzi ambapo wasomi wengi waliziona takataka.

Profesa wa semina yetu alituagiza kila mmoja asome katuni moja ya miaka ya 1950 kabla ya kipindi cha jioni. Nikaletewa hadithi iitwayo Judgment Day, iliyotoka mwaka 1953. Mwanaanga Tarlton anaikagua sayari ya roboti wanaotaka kujiunga na jamhuri ya nyota. Anakuta roboti wa rangi ya machungwa wakiishi vizuri, huku wa bluu wakisukumwa kwenye kazi duni na mitaa yao ya pembeni, ingawa ndani wote wameundwa sawasawa. Anawakatalia. Katika picha ya mwisho, akiwa ndani ya chombo chake, anavua kofia, nasi tunamwona: mtu mweusi, jasho likimeremeta usoni.

Nilirudi kurasa za nyuma nikaisoma upya yote. Mwaka 1953, shule za majimbo mengi ya Marekani zilikuwa bado zinawatenga watoto kwa rangi!

Sasa mweke Fredric Wertham kando ya hadithi hiyo. Daktari huyu wa magonjwa ya akili alifungua kliniki Harlem, mtaa wa jiji la New York, mwaka 1946, katika chumba cha chini cha jengo la kanisa, ambako watu weusi walitibiwa kwa senti 25. Ushahidi wake kuhusu madhara ya ubaguzi shuleni ulitumika katika kesi za Delaware zilizofika Mahakama ya Juu. Hukumu ya kuupiga marufuku ubaguzi huo ilitoka mwaka 1954, na mwaka huohuo yeye akatoa kitabu kilichodai kwamba katuni huwaingiza watoto katika uhalifu. Seneti ikasikiliza, na wachapishaji kwa hofu wakajiwekea kanuni za kujidhibiti. Kanuni hizo hakuzitunga Wertham. Lakini msimamizi wa kanuni hizo alimtaka mchapishaji wa Judgment Day, William Gaines, amwondoe yule mwanaanga mweusi hadithi ilipotaka kuchapishwa tena katika toleo la mwaka 1956. Gaines akakataa, ikatoka kama ilivyokuwa.

Jioni tulijadili makala ya mtafiti Carol Tilley, iliyokuwa mpya wakati huo. Majalada ya Wertham yalifunguliwa kwa watafiti katika Maktaba ya Bunge mwaka 2010, naye akayalinganisha na kitabu. Alikuta maneno ya watoto waliohudumiwa na Wertham yamebadilishwa, na mambo yaliyosimuliwa na wengine yameandikwa kana kwamba daktari aliyasikia mwenyewe.

Dada mmoja wa Detroit aliongea kwa uchungu. "Watoto wale walikuwa wetu. Walikaa mbele yake wakamwambia mambo yao, naye akaandika yake." Mzee mmoja darasani akamjibu kwamba kliniki ile ilifunguliwa wakati milango mingi ilifungwa, na hilo lisisahaulike. Kwangu mimi, wema wa kliniki haukumpa ruhusa ya kumsemea mtoto. Nikawatajia mtafiti Janice Radway, ambaye mwaka 1984 alichapisha utafiti uliotokana na kuwauliza wanawake kwa nini wanasoma riwaya za mapenzi, wakati wanafalsafa wa Kijerumani Adorno na Horkheimer, miaka 40 kabla yake, waliihukumu burudani nzima ya umma bila kumuuliza msomaji hata mmoja. Tukabishana hadi muda ukapita.

Muda mfupi baadaye niliomba kubadili mpango wa utafiti wangu. Nilikuwa nichambue kurasa za magazeti ya katuni ya Dar es Salaam. Sasa nilitaka kuwatafuta watu waliokuwa wakiyasoma, niwaulize. Msimamizi aliuliza nitawapataje baada ya miaka yote hiyo. Nikamwambia nitaanza na wauza vitabu vya mitumba, kwa sababu wao huwakumbuka wateja wao.