Nilivyofundisha sheria ya kashfa kwa kanga ya kabatini

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kuwafundisha mawakili wenzangu uhuru wa kujieleza na sheria ya kashfa, niliharibu. Nilikuwa na slaidi 74, zote za Kiingereza, zimejaa majina ya kesi. Baada ya chakula cha mchana safu ya nyuma ilisinzia bila aibu. Wakili mmoja wa makamo, mwenyeji wa Kahama, akanyoosha mkono: "Msomi, haya tulisoma chuoni. Mimi mteja wangu kaitwa mchwa kwenye grupu la WhatsApp la kikoba. Nifanyeje?"

Nikamwambia tutalifikia. Hatukulifikia.

Kwenye basi la kurudi, swali lile lilinikera mpaka Chalinze. Katika kesi ya wizi unatafuta mali iliyoibwa, lakini katika kashfa neno lenyewe ndilo mali. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu hapa Tanzania, lakini wengi wetu bado tunawaza hati ya madai kwa Kiingereza. Sasa jaribu kumtafsiri huyo mchwa kwa Kiingereza: anabaki mdudu anayekula mbao. Mtaani kila mtu anajua ni nani, ni yule anayetafuna fedha za wenzake polepole, kimyakimya, mpaka nyumba inaanguka. Ile tofauti ndiyo kesi yote, na slaidi zangu hazikuwa nayo.

Mafunzo ya pili yalikuwa Morogoro, mawakili 22, siku mbili. Sikufungua kompyuta. Nilitoa kanga yangu kabatini, imeandikwa "Hasidi hana sababu", nikaitundika kwenye kamba mbele ya ukumbi. Nikawapa hadithi ya kutunga: wapangaji wawili hawasemeshani, mmoja kaanika kanga hii uani. Mwenzake kaja ofisini kwako, analia, anataka kushtaki.

Kelele zilizuka! Upande mmoja ulisema kanga hiyo imechapwa kwa maelfu, haimtaji mtu, kesi haina miguu. Upande wa pili ukasema hasidi ni tusi kubwa kwa mtu wa Pwani. Niliwaacha wagombane karibu saa nzima, nikirudia maswali matatu tu: maneno yanamshushia mtu heshima? Yanamhusu nani? Nani mwingine, mbali na huyo anayelalamika, aliyaona na kuyaelewa hivyo?

Aliyetuvusha ni mama wa chai. Alikuwa anakusanya vikombe, akacheka peke yake. Nikamuuliza kulikoni. "Wanangu, angeianika kwake ingekuwa nguo. Mnatakiwa muulize kamba inaangalia mlango wa nani, na alianika ikiwa imelowa au kavu." Kavu! Hakuna wakili aliyefikiria hilo. Kanga kavu kwenye kamba haikuja kukauka, imekuja kusema. Vitabuni wanaiita maana ya fumbo: maneno ni safi machoni pa mgeni, lakini wanaojua mazingira yanawachoma. Na mazingira hayo lazima uyaeleze kwenye hati ya madai na uyaletee mashahidi, si kumwachia hakimu abahatishe.

Baada ya hapo kesi kubwa ziliingia zenyewe. Tulisoma ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa miezi 12 mwaka 2012 kwa makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka. Mahakama ya Afrika, hapo Arusha, ilitoa hukumu tarehe 5 Desemba 2014 kwamba kifungo kile kilivunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Nimewasikia mawakili wakitamba kwamba hukumu hiyo iliifuta kashfa kuwa jinai Afrika nzima. Haikufuta. Ilichokataa ni jela. Ukiisimamia vibaya mbele ya jaji aliyeisoma, utakaa chini mapema.

Kwetu, Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vya kashfa vikiwemo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2023 Bunge likaitoa kashfa kwenye makosa ya jinai ya sheria hiyo. Ukumbi ulipiga makofi. Nikamwomba kijana mmoja asome kwa sauti kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: kuchapisha taarifa unayojua ni ya uongo kwa nia, pamoja na mengine, ya kukashifu, faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Makofi yakaisha. Mteja wako aliyeandika kwenye grupu la WhatsApp bado anaweza kukupigia simu akiwa kituo cha polisi.

Siku ya pili nilikosea tena. Nilimwalika mwandishi wa redio ya jamii acheze mteja wetu aliyeshtakiwa kwa kashfa, mawakili wajifunze kuandaa utetezi wa ukweli, yaani kwamba alichosema ni kweli. Wakamvaa kama shahidi wa adui. Kijana alishika daftari lake lenye kurasa zilizolowa maji, halina tarehe hata moja, akanyamaza kabisa. Ilibidi nisimamishe zoezi, nimtoe nje, nimwombe radhi. Tuliporudi nikawapanga upya, wawili wawili: mmoja anauliza kwa upole, mwingine anaandika. Ulimpigia mtuhumiwa kupata upande wake? Siku gani? Simu yako inaonyesha? Nani alikuwepo? Kwa mwendo huo kurasa zile zilipata tarehe, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye orodha ya simu zake. Mzigo wa kuthibitisha ukweli unamwangukia aliyesema, kwa hiyo daftari lile lilikuwa na thamani kuliko vitabu vyote tulivyobeba.

Wakili wa Kahama alikuwepo. Rasimu yake ya kwanza ya barua ya madai ilidai shilingi milioni mia tatu kwa mchwa. Nilimuuliza mteja wake anataka nini hasa. Hakujua, akatoka kumpigia simu. Alirudi akacheka: mama anataka aliyesema aombe radhi kwenye grupu lile lile, mbele ya wanachama wale wale, na mweka hazina asome hesabu.

Barua ilikwenda hivyo, ukurasa mmoja. Radhi iliombwa ndani ya wiki. Ada aliyopata ilikuwa kiduchu, na amenikumbusha hilo mara mbili.