Usiku Tuliokesha Ukumbini

Nilifika pale nikitaka mgomo. Ada ilikuwa imepandishwa katikati ya mwaka wa masomo, kwa tangazo la mistari minne tu, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioapa kutoingia darasani hadi lifutwe. Wahadhiri wachache waliokuwa upande wetu wakatuomba jambo jingine: tukeshe ukumbini, tufundishane.

Nilikasirika. Nani hupinga kwa kusoma? Ndipo mhadhiri wa historia akatusimulia ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, Machi 1965. Walimu wa pale walipanga kusimamisha vipindi kwa siku moja kupinga vita vya Vietnam. Wanasiasa wakawashukia, gavana akiwemo. Basi vipindi vya mchana vikaendelea kama kawaida, na usiku wa tarehe 24 wakafundisha habari za vita hadi asubuhi. Wakaja watu zaidi ya 3,000. Hata vitisho vya bomu vilipowatoa nje kwenye baridi, hawakutawanyika.

Tukakesha. Saa nane usiku mwalimu wa uhasibu aliiandika bajeti ya chuo ubaoni, fungu kwa fungu, akatufundisha kuisoma. Nilikuwa nimelipa ada miaka miwili bila kujua inakwenda wapi, na uchungu wa kulijua hilo ulinikaa kooni.

Mara akasimama kijana wa mwaka wa tatu, akasema yeye anaunga mkono ada kupanda. Tukamzomea, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga meza. Mwalimu akaweka chaki chini.

“Wanangu, mkimnyamazisha huyu, hatuna tena cha kukeshea. Twendeni tukalale.”

Kimya. Kijana akaja mbele. Maabara yao, alisema, ina darubini 8 kwa wanafunzi 120. Nyingine zitanunuliwa kwa fedha ipi?

Nililitafuta jibu, sikulipata. Bado naona haya kwamba nilitaka swali lile lisiulizwe kabisa. Hakuna aliyemjibu kwa maneno. Tuligeukia ubao, naye akiwa nasi, tukaanza upya kutoka fungu la kwanza. Kulipopambazuka yeye ndiye aliyeshika chaki, akilinganisha fedha za maabara na posho za vikao, na mimi nimesimama kando yake namsomea tarakimu.