Siku moja kwenye wodi ya kala-azar, Pokot Magharibi

Saa 1:00 asubuhi. Napokea zamu. Wagonjwa wengi ni vijana wachungaji, wale wanaoshinda karibu na vichuguu ambamo hujificha usubi, wadudu wanaoeneza kimelea cha kala-azar, ugonjwa wa homa na kuvimba wengu. Hao wako kwenye dawa mbili, SSG (sodiamu stiboglukoneti) na paromomisini, sindano kila siku kwa siku 17. Kitanda cha dirishani yupo mama mjamzito. SSG inaweza kuharibu mimba, kwa hiyo yeye anapata amfoterisini ya liposomu. Leo ni siku ya nne kati ya kumi.

Saa 2:00. Mizani. Kilo 48, miligramu 3 kwa kila kilo: 144. Chupa tatu.

Saa 2:30. Hapa sitaki kuitwaitwa. Kila chupa ina unga wa miligramu 50. Naingiza mililita 12 za maji ya sindano, natikisa kwa nguvu nusu dakika nzima, naangalia kwenye mwanga: njano, bila punje. Navuta mililita 36, napitisha kwenye kichujio kinachokuja ndani ya boksi, naingiza kwenye dripu ya glukosi. Dripu ya chumvi, hapana! Ikigusana nayo, dawa inaharibika na kufanya mashapo. Kila mwanafunzi anayepita hapa namwambia hilo kabla hajanisalimia.

Saa 3:15. Dripu inaanza.
"Sista, hii haitamuumiza mtoto?" anauliza wifi yake, anayetutafsiria Kipokot.
"Mama yangu, ndiyo maana tumemchagulia hii."

Amfoterisini hutoboa utando wa kimelea, lakini ikiwa peke yake hutoboa na seli za figo. Hii imefungiwa kwenye utando wa vifuko vya mafuta, vidogo kuliko nanomita 100. Seli za ulinzi zilizoko kwenye wengu, ini na uboho huvimeza zikidhani ni takataka, na humohumo ndimo kimelea kimejificha. Kwa hiyo dawa inapelekwa mpaka mlangoni kwake, na figo zinaguswa kidogo tu.

Siku ya kwanza mgongo ulimkaza dakika chache baada ya kuanza. Tukafunga dripu, ukaachia, tukaendelea polepole. Leo ametulia.

Saa 6:00. Majibu ya maabara. Kreatinini, kipimo cha figo, iko sawa; potasiamu imeshuka kidogo. Daktari ameongeza vidonge vya kuipandisha.

Saa 9:00. Homa hana tangu juzi. Wengu bado linashikika chini ya mbavu. Hilo huchukua wiki kadhaa kunywea. Wifi amesikia kwamba India wanatibu kwa dozi moja tu. Ni kweli, ila dozi moja ilipojaribiwa Afrika Mashariki haikutosha, na mimi simruhusu mtu kwenda nyumbani mapema kwa ajili ya habari ya India.

Saa 11:00 jioni. Chupa zake zimebaki 18, zinamfikisha siku ya kumi. Chumba kinapita nyuzi 25 kila mchana, kwa hiyo zinakaa kwenye friji, mbali na barafu. Kwenye ripoti ya usiku nimeandika kwa herufi kubwa: POTASIAMU IRUDIWE KESHO KABLA YA DRIPU.